Isoleta ya Feni ya Nne

Nyemo Chiwanga alitumwa kuing'oa isoleta ya Feni ya Nne siku ya Jumanne asubuhi, naye akapanda lifti bila kinyongo, maana aliamini kazi ile imechelewa miaka mingi.

Lifti ilimtoa Ngazi ya Tatu, alikoishi na binti yake Wendo, ikampandisha hadi kwenye ukumbi wa mafeni, mita nane tu chini ya uso wa ardhi. Huko ndiko mtu alikoweza kuusikia ulimwengu wa juu. Mchanga ulikuwa ukikwaruza paa la zege kama kuku wanaochakura, na kipimajoto cha nje kilisoma nyuzi hamsini na tatu, saa tatu ya asubuhi. Hakuna aliyetoka kwenda juu mchana tangu bibi yake Nyemo alipokuwa msichana. Watu elfu kumi na tisa wa mji wa Masimbwe waliishi chini, katika ngazi tano zilizochongwa ndani ya mwamba, na kila pumzi waliyovuta ilikuwa imeteremshwa na mojawapo ya feni kumi na mbili za ukumbi ule.

"Karibu, fundi," ilisema sauti kutoka darini. "Umewahi leo. Chai umekunywa?"

"Nimekunywa. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mitambo iliyokabidhiwa kazi ya kugawa hewa, na katika karatasi za Baraza la mji alikuwa na jina refu lenye namba mwishoni. Lakini sauti yake ilikuwa ya mwanamke wa makamo, na hakusahau jina la mtoto wa mtu wala ugonjwa wa mtu, kwa hiyo watu wakamwita Shangazi na jina likashika. Yeye ndiye aliyewasha feni na kuzizima. Mkono wa binadamu haukuruhusiwa. Mwaka wa pili tangu mji uchimbwe, mtu mmoja aliyekosana na ndugu zake alipanda akazima feni kwa mkono, na watu kumi na tisa wa Ngazi ya Kwanza wakalala wasiamke. Baada ya mazishi Baraza lilipitisha sheria kwamba hakuna mtambo wa pumzi utakaokuwa na swichi ya mkono. Isoleta zote, yaani zile swichi kubwa za kuukata umeme palepale penye mota, zikang'olewa.

Zote isipokuwa moja, nayo iligunduliwa wiki iliyopita tu. Nyuma ya Feni ya Nne, hatua nne kutoka kwenye mota, palikuwa na sanduku la chuma la kijivu lililoandikwa kwa rangi nyekundu FILTA ZA AKIBA. Nyemo alikuwa amepita mbele ya sanduku hilo miaka kumi na minne bila kulifungua.

Sasa alilifungua. Ndani hamkuwa na filta hata moja. Kulikuwa na mkono mwekundu wa isoleta, umepakwa mafuta, hauna chembe ya kutu. Upande wa ndani wa mlango palikuwa na hesabu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na mwandiko wenyewe Nyemo aliujua kama anavyoujua wake.

*Mota ya feni, ampea 135. Pampu ya grisi, 11. Mota ya kukung'utia vumbi, 22. Jumla 168. Ongeza kumi na tano kwa mia, 193. Rota ikikwama umeme ni mara sita, inapita 1,000. Weka ya 250.*

"Mzee Malogo," alisema peke yake, akatikisa kichwa.

Malogo ndiye aliyemfundisha umeme. Alikuwa mwalimu mzuri na mtu wa wasiwasi mwingi. Nyemo alikumbuka siku moja darasani alipomtania, "Mwalimu, wewe unamshonea sungura kanzu ya tembo," na darasa zima likacheka, mzee naye akacheka, kisha akarudia hesabu ileile ubaoni tangu mwanzo.

Isoleta mpya ilikuwa mkobani mwake. Hii ilikubaliwa na sheria, kwa sababu ilikuwa ya idhini: ina mkono, lakini kabla ya kukubali kuvutwa humwuliza kwanza Shangazi. Ilikuwa ya ampea 160. Nyemo akapiga hesabu kichwani, mia thelathini na tano ukiongeza kumi na tano kwa mia ni mia hamsini na tano na kitu, inatosha. Kisha akafuata nyaya kwa kidole, akasita.

"Shangazi, mchoro wa Baraza umesahau mota mbili ndogo. Pampu na kikung'utio vinapita humu humu."

"Umeona vizuri. Mimi nitazizima hizo mbili kwanza, ndipo nikuruhusu uvute."

"Na rota ikikwama? Hiki kidude hakiwezi kukata umeme wa mota iliyokwama."

"Rota ikikwama nitakuwa nimeshakata mwenyewe, mwanangu. Hakuna siku utakayohitaji kuivuta ikiwa imekwama."

Lilikuwa jibu la akili, tena la upole. Nyemo akatoa bisibisi.

"Mama Wendo, ngoja kwanza nimalize," mtu alimwita. "Usije ukanikatia taa nikiwa tumboni mwa nyoka."

Alikuwa Zakayo Mbeho, fundi wa beringi, mwanamume mnene wa miaka hamsini na miwili aliyeimba besi kwenye kwaya ya Ngazi ya Pili na ambaye hakuwahi kufanya kazi kimya hata siku moja. Alikuwa amekuja kusafisha mapanga ya feni ile ile na kubadilisha beringi. Shangazi alikuwa ameizima tangu alfajiri kwa ajili yake. Zakayo alivua koti kwa sababu ya joto, akalitundika kwenye msumari, akachukua kabari ya mti wa mninga, kubwa kama paja la mbuzi.

"Hiyo ya nini, kaka? Feni imezimwa."

"Shangazi namwamini," Zakayo akasema, akaipigapiga kabari begani. "Lakini huu mti hausinzii."

Akaingia kwenye kinywa cha feni kwa magoti. Nyemo alimsikia akiigongomea kabari kati ya panga na ukuta, kisha akimsifu Mungu kwa sauti nzito. Akaamua kumsubiri. Alikwenda kwenye meza ya vifaa upande wa pili wa ukumbi, akavaa vizuia-masikio kwa ajili ya kelele za feni nyingine, akaanza kuandaa nyaya.

*

Dhoruba ya mchanga ilifika kabla ya saa nne. Ilizipiga filta za Feni ya Tatu ikazijaza kwa dakika chache, na Shangazi akalazimika kuizima kabla haijaungua. Feni ya Tatu na ya Nne ndizo zilizolisha Ngazi ya Tano, ya chini kabisa, yenye watu elfu tatu na mia moja, soko, wodi ya wazee na shule ya msingi. Shangazi akatafuta hewa ya kuwapelekea, na feni iliyobaki ilikuwa ya Nne.

Aliangalia kama ni salama. Jicho lake ndani ya feni lilikuwa limefunikwa na vumbi ambalo Zakayo mwenyewe alikuwa akilipangusa. Mlango wa feni ulikuwa umesukumwa na upepo ukajifunga. Akatafuta beji ya Zakayo, ambayo kila fundi huivaa ili ajulikane alipo, akaikuta nje, hatua mbili kutoka kwenye feni. Ilikuwa mfukoni mwa koti, kwenye msumari.

Shangazi akawasha.

Nyemo hakusikia chochote kwa masikio. Alihisi sakafu ikitetemeka chini ya viatu vyake, tetemeko zito lisilo la kawaida. Mota yenye afya hupanda sauti kama mtu anayepanda mlima. Hii ilinguruma palepale, haipandi, kama ng'ombe aliyefungwa. Akavua vizuia-masikio, akageuka, akaliona koti likining'inia, halafu akasikia ukelele wa Zakayo.

"Shangazi, zima! Zakayo yumo ndani!"

"Beji yake iko nje," Shangazi alijibu haraka. "Rota imekwama kwa mchanga. Najaribu mara tatu, kisha—"

"Si mchanga! Ni kabari! Yumo ndani!"

Mti wa mninga ulilia, ukapasuka. Panga likasogea robo ya mzunguko, likagota tena, na safari hii lililolizuia halikuwa mti. Kumweleza Shangazi, na Shangazi kuchunguza, kulihitaji sekunde nne au tano. Nyemo hakuwa nazo. Alikimbia hadi kwenye sanduku la kijivu, akaushika mkono mwekundu kwa mikono miwili, akauvuta chini kwa uzito wake wote.

Ndani ya chuma kulilipuka kishindo kimoja, kama mlango wa ghala uliobamizwa. Harufu ya moto ikamjia puani. Kisha mota ikanyamaza. Ampea zaidi ya elfu moja zilikuwa zikipita pale, na isoleta ya yule mzee mwoga ilizikata zote kwa mpigo mmoja, bila kung'ang'ana.

Nyemo alitoa kufuli lake kiunoni, akalipitisha kwenye tundu la mkono wa isoleta, akalifunga, akatia ufunguo mfukoni.

*

Panga lilikuwa limembana Zakayo paja kwenye ukuta wa feni. Alikuwa na fahamu zake. Uso wake ulikuwa wa majivu, na kwa mara ya kwanza tangu Nyemo amfahamu, hakuwa na la kusema.

"Nimemsikia sasa," Shangazi alisema. Sauti ilikuwa ileile, lakini maneno yalikuja polepole. "Sikujua. Fundi, sikujua."

"Najua hukujua. Nitumie watu na jeki."

"Wako njiani, dakika sita. Nyemo, lazima nikuambie ukweli. Ngazi ya Tano haina feni hata moja sasa. Wagonjwa na wazee wataanza kuzimia baada ya dakika kumi na tano. Baada ya thelathini sijui atakayeamka na asiyeamka. Nimefungua milango ya ngazi ya juu, wenye nguvu wanapanda, lakini ngazi za kupandia ni nyembamba na watu ni wengi."

Nyemo alikuwa amepiga magoti mbele ya kinywa cha feni, bega lake likiwa chini ya mkono wa Zakayo. Wendo alikuwa darasa la tatu. Shule ilikuwa Ngazi ya Tano.

"Tukiwasha sasa hivi itakuwaje?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ukifungua kufuli, feni itazunguka."

"Na huyu?"

Shangazi hakumficha. "Atakufa. Mmoja kwa elfu tatu na mia moja. Mimi nimeumbwa kuhesabu pumzi, na hesabu yangu iko wazi. Ningekuwa na mkono, ningekuwa nimeshawasha."

"Basi nashukuru Mungu huna," Nyemo akasema, machozi yakimtoka bila ruhusa yake. "Dakika thelathini, umesema."

"Kwa walio dhaifu, ndiyo."

"Basi hakuna aliyekufa bado. Nihesabie kwa sauti. Kila dakika, niambie."

Shangazi akahesabu. Dakika ya sita walifika wanaume wanne na jeki. Dakika ya tisa jeki iliteleza kwenye grisi na Zakayo akalia kama mtoto. Dakika ya kumi na mbili waliiweka upya juu ya kipande cha ile ile kabari iliyopasuka. Zakayo alimshika Nyemo kola.

"Mama Wendo," alisema akiwa ameuma meno, "mtoto wako yuko chini."

"Nyamaza, kaka."

"Fungua kufuli. Nimeishi."

"Nimesema nyamaza."

Dakika ya kumi na tano Shangazi alisema, "Wodi ya wazee, wamezimia watatu." Dakika ya kumi na saba, "Saba." Nyemo aliushika ufunguo ndani ya mfuko mpaka ukamchora kiganja. Baadaye aliliambia Baraza kwamba hakujua angefanya nini dakika ya thelathini. Hakudai ujasiri. Alisema tu kwamba hakufika huko, na kwamba anashukuru kila siku kwa kutofika.

Dakika ya kumi na tisa walimvuta Zakayo nje, mguu umevunjika mara mbili, moyo unapiga. Nyemo alihakikisha kwa macho yake kwamba ndani hamna mtu, hamna jeki, hamna mti. Akafungua kufuli, akausukuma mkono mwekundu juu. Feni ya Nne ikapanda sauti taratibu, kama mtu anayepanda mlima, ikafika kileleni, ikatulia pale.

*

Watu kumi na wanne walizimia Ngazi ya Tano. Wote waliamka. Wendo alitapika mara moja, akaumwa kichwa, akalalamika kwamba mwalimu aliwapandisha ngazi wakati wa zamu yake ya kuchora. Nyemo alimkumbatia kwa muda mrefu hivi kwamba mtoto akauliza kama kuna mtu amekufa.

Siku ya tatu alikwenda kwa Mzee Malogo. Mzee alikuwa na miaka themanini na moja, macho yamefifia, anaishi Ngazi ya Pili kwa mjukuu wake. Habari alikuwa nayo tayari. Nyemo alisalimu, akapokewa, akaketi kwenye mkeka.

"Nilikucheka, mwalimu," alisema. "Mbele ya darasa."

"Ulinichekesha hata mimi. Kanzu ya tembo!" Mzee alicheka, kisha akakohoa. "Sikiliza. Kabla hujazaliwa nilikuwa na mwenzangu, Lusewa. Mashine ya kusaga mawe, wakati mji unachimbwa. Isoleta ilikuwepo, nzuri, mpya, imepimwa kwa mota inayozunguka. Lusewa alipobanwa, mashine ikakwama, nikavuta. Swichi ndogo huweza kuizima mota inayokimbia. Mota iliyokwama inakunywa umeme mara sita, na moto unaoruka kati ya zile ncha huziunganisha kama zimechomelewa. Nilivuta mkono ukaja, lakini ndani ncha hazikuachana. Umeme uliendelea kupita mbele ya macho yangu, na mkono wa swichi uko chini."

Mzee aliushusha mkono wake hewani, kana kwamba anaivuta tena.

"Kwa hiyo sheria ilipokuja nikazing'oa kumi na moja, ya kumi na mbili nikaipa jina la filta. Nilivunja sheria iliyowekwa kwa ajili ya marehemu kumi na tisa. Sikujisikia vizuri. Sijisikii vizuri hata leo, kwa maana mtu mbaya angeweza kulifungua lile sanduku wakati wowote."

"Nimekuja kukushukuru, mwalimu. Mimi na Zakayo na watoto wake."

"Nimepokea." Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake. "Lakini mimi nilitoa chuma tu, mwanangu. Wako watu waliotoa pumzi zao. Hao umewashukuru?"

*

Baraza lilikaa Jumatatu, katika ukumbi wa Ngazi ya Kwanza. Swali lilikuwa moja: sanduku la kijivu liondolewe kama sheria inavyosema, au sheria ndiyo iondolewe?

Mwenyekiti alimwita Shangazi kwanza, naye akaongea kutoka darini, kila mtu akiwa ameinua uso.

"Nilikosea kuhusu koti," alisema. "Kosa hilo nimelirekebisha. Lakini nitakosea kwa njia nyingine ambayo leo siijui, kwa kuwa nisichokiona sijui kwamba sikioni. Siku ile fundi Nyemo alivunja hesabu yangu. Nimeipiga hesabu ile tena mara nyingi, na bado inanipa jibu lilelile, kwamba ningewasha. Hata hivyo Zakayo yu hai, na wote elfu tatu na mia moja wako hai. Naomba niseme kwamba nashukuru kulikuwa na mkono ambao haukuwa wangu."

Ukumbi ulivuma. Kisha kikongwe mmoja aliyekaa safu ya mbele, mwembamba kama ufito, aliinuka akishikiliwa na mwanawe. Alikuwa Bi Sechelela, wa kwanza kuzimia wodini na wa mwisho kuamka. Nyemo alikuwa amekwenda mara mbili kumwomba radhi hospitalini, na mara zote mbili alimkuta amelala. Sasa alitamani sakafu ipasuke.

"Fundi yuko wapi?" kikongwe aliuliza.

Nyemo alisimama. "Niko hapa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenikatia pumzi?"

"Ni mimi, bibi. Nisamehe."

"Kulikuwa na mtu kwenye mashine."

"Ndiyo."

"Mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa kuna hitilafu ndogo, tutulie. Nilikuwa nahema kama samaki nchi kavu, na kipaza sauti kinasema hitilafu ndogo." Alipumzika kidogo, akaendelea. "Mimi nimezaa watoto sita. Mtu akiniambia, Sechelela, mwana wa mwenzio amebanwa, tupe pumzi zako dakika ishirini, unadhani nitakataa? Nitampa. Nitalala chini, nivute kidogokidogo, nimpe. Mlichoniudhi nacho ni kuninyang'anya kitu ambacho ningewapa."

Akamgeukia mwenyekiti.

"Msiing'oe hiyo swichi," alisema Bi Sechelela akiketi. "Ila siku nyingine niombeni, tena kwa jina la mtu aliye ndani."

Mjadala ulichukua siku mbili zaidi, maana ndugu wa wale kumi na tisa walikuwepo nao, na walikuwa na haki ya kuogopa. Mwishowe waliafikiana. Kila feni itakuwa na isoleta ya mkono isiyoomba idhini kwa yeyote, mbele ya macho ya anayefanya kazi. Sanduku litafunguliwa kwa funguo mbili za mafundi wawili kabla mtu hajaingia ndani ya feni, na litabaki wazi mpaka atoke. Na mkono ukivutwa, Shangazi atawaambia watu wa ngazi husika ukweli wote, palepale, kwa jina.

Kazi ya vipimo alipewa Nyemo. Alifanya feni moja baada ya nyingine kwa miezi mitatu. Alisoma kibao cha kila mota, akafuata kila waya kwa kidole, na kila mota ndogo iliyonywa umeme kupitia sanduku lilelile akaitia kwenye jumla. Akaongeza kumi na tano kwa mia, akazidisha mara sita kwa ajili ya siku mbaya, na pale alipokuwa kati ya kipimo kimoja na kingine alichukua kikubwa. Zakayo alipoanza kutembea kwa magongo alipanda kumshikia taa, akiimba, na hakuna aliyemwomba anyamaze.

*

Mkono wa isoleta ulivutwa kwa mara ya kwanza chini ya sheria mpya miezi mitano baadaye. Nyemo hakuwa zamu. Alikuwa sokoni Ngazi ya Tano na kikapu mkononi, mbele ya mama muuza vitumbua, katikati ya kelele za saa nne.

Upepo wa darini ulikoma. Watu wakatazama juu.

"Jamani," Shangazi alisema, "Feni ya Tatu na ya Nne zimezimwa kwa mkono. Ndani ya Feni ya Tatu yumo Estomihi Mgoli, mtoto wa Mzee Mgoli fundi viatu wa Ngazi ya Pili. Mkono wake umeshikwa na mkanda. Ya Nne imezimwa kwa sababu iko kwenye njia ya kumfikia. Wanaomba dakika kumi na mbili. Mwenye kuweza kupanda apande taratibu. Asiyeweza akae chini."

Nyemo alisubiri mtu apige kelele. Alikuwa amejiandaa kwa hilo miezi mitano.

Mama muuza vitumbua alizima jiko. Akavuta kigoda, akaketi, akamketisha mwanawe katikati ya miguu yake. Muuza nyanya naye akaketi, kwenye sakafu, kati ya mafungu yake. Vijana waliokuwa wakibishana juu ya mpira waliwapisha wazee kwenye mlango wa ngazi, kisha wao wenyewe wakarudi wakajilaza kando ya ukuta, wakifumba macho. Upande wa shule, watoto waliokuwa wakiimba majedwali ya kuzidisha waliacha, darasa baada ya darasa. Mwishowe soko zima lilikuwa limeketi, watu mia kadhaa, bega kwa bega, wakivuta hewa kidogo na kuitoa polepole kwa ajili ya mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona. Bibi mmoja alinong'ona, "Estomihi," kama mtu anayeshika jina ili lisianguke.

Nyemo aliketi nao. Alijua kila kilo ya shaba iliyokuwa ndani ya masanduku yale juu, na kila ampea, lakini hakuwa amejua kwamba pumzi hizi za kutolewa nazo zilikuwa na nafasi katika hesabu ile.

Dakika ya kumi na moja upepo ulirudi, baridi, juu ya vichwa vyao.

"Katoka?" mtu aliuliza kwa sauti.

"Katoka," Shangazi akajibu. "Vidole vyote vitano anavyo. Anasema asanteni."

"Mwambie tumepokea!" mtu mwingine akaitikia, na soko likacheka, likainuka, likaanza tena kelele zake. Mama muuza vitumbua aliwasha jiko, akapangusa mikono kwenye kanga, akamgeukia Nyemo.

"Ulisema vinne au vitano, dada?"

Nyemo aliinua mkono. Akamwonyesha vidole vyote vitano.